Barua ya wazi kwa wakubwa wa Afya na wa Hazina: tunaomba vitu visivyokatiwa utepe

Waheshimiwa, shikamooni.

Najua mmezoea barua zinazoanza na "husika na kichwa cha habari hapo juu", hii haina kumbukumbu namba wala nakala kwa katibu tawala. Ni mimi tu, daktari wa kansa kwenye hospitali moja ya rufaa huku mikoani, nimetoka wodini saa tatu usiku, nimekula ugali wa baridi na dagaa, mke wangu kalala, usingizi umegoma, nikasema ngoja niwaandikie maana nyie ndo mnapitisha bajeti na mimi ndo naitumia pale inapoishia.

Kwanza mnijue. Watu wakishasikia natibu kansa wananivuta pembeni. Nimeshaonyeshwa uvimbe kwenye harusi, nyuma ya turubai pale wanapooshea vyombo, mama wa watu mkono mmoja sahani ya pilau mkono wa pili ananyanyua kwapa, "dokta hebu gusa hapa". Nimeshaonyeshwa picha ya choo kwenye simu nikiwa foleni ya ATM. Na wale wasionivuta pembeni wananiogopa, mtaani nikigonga hodi bila kupiga simu kwanza mtu anakaa chini kabla sijasema shida yangu. Juzi nilikua naenda kuazima ngazi tu.

Misiba naenda pia. Nakaa nyuma kwenye viti vya plastiki na wazee, mpaka ule muda wa wasifu wa marehemu, anasimama mjukuu aliyefika kidato cha sita anasoma, "marehemu alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi". Muda mfupi! Faili lake nalijua kuliko wimbo wa taifa, miezi kumi na nne, kemo, yaani dawa za kuua kansa, mizunguko sita, mionzi, kemo tena. Naangalia chini. Neno lenyewe halitamkwi, wodini tunasema "huu ugonjwa", "hii hali", ndugu ananong'ona kwenye korido dokta usimwambie mama, naingia ndani mama ananiambia usiwaambie wanangu watapata presha, basi nakua kama mtu anayebeba barua za wapenzi wawili wanaoishi nyumba moja. Saratani kwa Kiarabu ni kaa, yule wa baharini anayetembea ubavu ubavu, labda tunaogopa tukimwita ataitika. Ndo maana ile Februari 29, 2024 Rais alipotangaza kifo cha Rais mstaafu Mzee Mwinyi, yule tuliyemwita Mzee Ruksa, akataja saratani ya mapafu kwa jina lake, kimoyomoyo nilishukuru sana, wiki iliyofuata kliniki kuna baba akaniambia bila kunong'ona "dokta mimi nina ile ya Mzee Ruksa". Kwa jinsi alivyosema ungedhani kapandishwa cheo.

Haya, nije kwenye kilichoninyima usingizi.

Kila mkija kututembelea, na mnakuja, tunashukuru, kwenye hotuba kuna sentensi moja nimeshaikariri: wananchi wetu wanachelewa kufika hospitali kwa kukosa elimu. Kuchelewa ni kweli kabisa, sibishi. Makadirio ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO kwa mwaka 2020 yalisema Tanzania tulipata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 na vifo karibu 27,000, ukikaa kwenye kiti changu unaelewa kwanini hizo namba mbili zimekaribiana hivyo, wengi wananifikia hatua ya tatu na ya nne. Ila hapo kwenye elimu nina ushuhuda.

Mwaka juzi nikiwa nafunga tai mke wangu akaniwekea kidole shingoni, chini ya sikio, akauliza hii nini. Nikamwambia tezi, nina mafua. Sikua na mafua. Ule uvimbe nilikua naujua mwezi mzima kabla yake. Mimi mwenyewe, ambaye huwa nachora ubaoni na kuwaambia wanafunzi kwamba uvimbe wa shingo ukipita wiki mbili tatu haujaondoka usichekewe, upimwe, nilikaa nao miezi minne. Kila asubuhi bafuni nauminya, naona leo umepungua. Nilijiambia nipo bize, nikajiambia ada ya mtoto ipite kwanza, nikajiambia nikirudi semina ya Dodoma. Usiku nilikua nahesabu umri wa watoto. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, akaona mchezo, akaomba ruhusa shuleni siku moja akanishika mkono kama mtoto wa chekechea mpaka kwa daktari mwenzangu, njia nzima ananiambia "angekua mgonjwa wako ungeshamfokea". Jamaa akachoma sindano akavuta, mafuta. Uvimbe wa mafuta ambao hauna ugomvi na mtu, upo mpaka leo, mjukuu wa jirani anauchezea kama kengele. Niliingia kwenye gari nikalia mpaka mlinzi wa parking akaja kugonga kioo.

Kwaiyo elimu ninayo, shahada tatu zimetundikwa ukutani, hospitali ipo dakika kumi kutoka kwangu, nauli silipi, foleni sikai, na nilichelewa miezi minne kwa uoga peke yake. Sasa mtu ana uoga huo huo, halafu mumuongezee na haya yafuatayo.

Kuna kijana alikuja na chupa ya siagi ya karanga. Lebo bado ipo, karanga zimechorwa zinatabasamu. Ndani kuna kinyama cha titi la mama yake. Alikotoka sipataji maana hata wao walifanya walichoweza, walikata kinyama vizuri tu, ila fomalini, ile dawa ya kuhifadhia kinyama kisioze, ilikua imeisha wiki tatu, wakakitumbukiza kwenye maji ya dripu, wakampa kijana chupa wakamwambia peleka huko kuna maabara. Bodaboda, kisha basi, kisha basi lingine, chupa kaipakata mapajani, abiria wa pembeni akamuomba alambe kidogo, hiyo alinihadithia mwenyewe na tukacheka wote wawili, ndo kicheko cha mwisho. Alifika Ijumaa saa kumi jioni. Dirishani akaambiwa Jumatatu. Jumatatu nikafungua ile chupa mimi mwenyewe na harufu ikanijibu kabla ya maabara. Kinyama bila fomalini kinaoza kama nyama yoyote ya buchani, seli zinavurugika, aliyepo kwenye hadubini anaona uji. Mama akakatwa mara ya pili. Safari ya pili wakauza mbuzi wawili, majibu yakachukua wiki sita, na kufikia siku nayasoma lile titi lilikua limeshapasuka, mama anakaa mbali na watu kwa ajili ya harufu, kajifunga kanga tatu na bado ananiomba samahani.

Na fomalini, msiojua, ndo ile ile ya kuhifadhia maiti. Mochwari haikosekani. Yaani yule mama angefika marehemu tungekua nayo.

Mnakumbuka 2011, Samunge kule Loliondo, kikombe cha Babu, ile dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu iliyosemwa inatibu magonjwa sugu. Nilikua daktari mdogo na nilikasirika sana, watu wanaacha dawa wanakwenda kulala kwenye foleni ya magari porini, na baadhi ya wakubwa mlikwenda kunywa, picha zipo, sitaji mtu. Siku hizi hasira imeisha nabaki na maswali. Kikombe hakitibu kansa, hilo niliweke wazi kabisa. Lakini bei ilikua shilingi 500, kwa mkulima 500, kwa waziri 500, na kila mtu aliijua tangu yupo kwao. Huyu mama wa chupa ya siagi hakuna mtu kwenye safari nzima aliyewahi kumwambia itakugharimu kiasi gani na itachukua siku ngapi. Sera inasema mgonjwa wa kansa anatibiwa bure kwenye hospitali za serikali, ni kweli na msiniandikie barua ya kujieleza, ila hiyo bure inaanzia getini. Kufika getini ni mbuzi wawili. Mionzi ni kila siku Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tano, sita, ni dakika chache tu kwa siku halafu siku nzima iliyobaki mtu yupo mjini hana pa kulala. Nina mgonjwa alilala kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi wiki mbili na ile mistari ya kalamu tuliyomchora mwilini, tulimwambia usioge ikafutika, akatii kweli, alikua anajipangusa na leso pembeni pembeni. Wiki ya tatu hakuja. Kwenye ripoti nikaandika "mgonjwa ameacha matibabu", ndo lugha tunayotumia, kwamba kaacha yeye. Sheria ya bima ya afya kwa wote Bunge lilipitisha 2023, nzuri, mimi naiunga mkono ila bima hailipi basi wala kibaraza.

Sasa utepe.

Mashine nazipenda jamani, msinielewe vibaya, bila mashine mimi ni mganga mwenye tai tu. Siku ya kuzindua mashine ya mionzi huwa raha, ngoma za utamaduni, maputo, mkasi kwenye sinia, soda. Ila nataka mjue kitu kuhusu ile ya kobalti. Ile chembe ya mionzi iliyomo ndani inazeeka yenyewe, ukiitumia usiitumie, kila miaka mitano na miezi kidogo nguvu yake inabaki nusu. Yaani mgonjwa aliyekua analala chini yake dakika mbili siku ya utepe, baada ya hiyo miaka analala nne, nyingine ikipita analala nane, wakati foleni nje nayo haijapungua, imeongezeka. Kuibadilisha ni hela nyingi, inakuja kwenye kontena lake maalumu na makaratasi ya usalama kibao, na ikishaingia mashine kwa nje ni ile ile, rangi ile ile, hakuna cha kupiga picha. Sijawahi kuona ngoma ya utamaduni ikichezwa kwa ajili ya chembe mpya. Wala kwa ajili ya mkataba wa matengenezo. Wenzetu Uganda mwaka 2016 mashine yao ya mionzi, moja pekee nchi nzima, ilikufa, wagonjwa wakaanza kutafutiwa njia ya kwenda kutibiwa Nairobi. Sisemi ili tuwacheke, nasema maana Uganda hiyo hiyo kuna kitu wametuacha mbali, nacho hakina hata waya.

Morfini ya maji, dawa ya maumivu makali. Ni unga, unachanganywa na maji, unawekwa kwenye chupa, mgonjwa anakunywa nyumbani kwake. Mwaka 1993 daktari mmoja, Anne Merriman, alianzisha hospisi, huduma ya kuwatuliza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, pale Kampala kwa dawa hiyo, serikali yao ikakubali kuitoa bure, na 2004 wakaruhusu manesi waliosomea huduma hiyo waiandike wenyewe wasisubiri daktari, maana daktari kijijini unamsubiri kama mvua ya Agosti. Mimi nilikua nina mzee mmoja, kansa ya tezi dume imeshafika kwenye mifupa ya mgongo, mvuvi wa zamani, mikono kama kamba za jahazi. Wanawe walikua wananiuliza habari za kupelekwa India. Yeye akaniambia, "Daktari, mimi kupona nimeshasamehe, nataka kulala." Alikua hajalala wiki tatu, anakesha kakaa kwenye jamvi kashikilia nguzo ya kitanda. Nikampa morfini, kila masaa manne, na ile ya kulalia unampa mara mbili ili asiamke usiku wa manane, na dawa ya kulainisha choo maana hiyo usipompa atakulaani. Asubuhi saa kumi na mbili simu inaita, mkewe analia, "baba yao hajaamka." Nikavaa ndala nikaenda na gari mwenyewe, moyo unanidunda nikiwaza nimezidisha, sebuleni majirani wameshaanza kupanga viti. Nikaingia chumbani. Mzee anakoroma. Anakoroma kama injini ya dau. Watu walikua wamesahau sauti yake ya usingizi, wakadhani ndo anakata roho.

Alipata wiki tano hivyo. Alikaa barazani, alicheza bao, alimgombeza mjukuu. Halafu dawa ikaisha. Sio kwamba nchi haina, kwenye kabati ilikuwepo, mimi nilikua naiona kupitia kioo, ila kabati lina kufuli mbili kwa mujibu wa taratibu na ufunguo mmoja ulikua umekwenda msibani Moshi mfukoni mwa mwenye nao. Siku nne. Sitawaelezea hizo siku nne, mzee alikua mtu wa heshima na asingependa. Taratibu zinaogopa wavuta unga na mimi naelewa, lakini miaka yote niliyofanya kazi hii sijawahi kumkamata teja anayekuja kuiba dawa ya mgonjwa wa kansa kwa kijiko. Nimewaona wagonjwa wengi tu waliokufa wanapiga kelele mita kumi kutoka kwenye kabati.

Msije mkadhani najua kulaumu tu. Ile chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta kansa ya mlango wa kizazi, mlioianza 2018 kwa mabinti wa miaka 14, na 2024 mkaifanya dozi moja kwa wa miaka 9 mpaka 14, hiyo ndo kazi kubwa kuliko chochote nilichofanya mimi na mikasi yangu, na kwa bahati mbaya faida yake kamili mtaiona baada ya miaka ishirini thelathini wakati nyie na mimi tumeshastaafu, atakayepigwa picha ni mwingine kabisa. Mlifanya hivyo hivyo bila picha. Kwaiyo mnaweza!

Lakini mama zao hao mabinti chanjo imewapita. Kwa hao kuna siki. Siki, ile ya kachumbari, hakuna utaalamu uliojificha hapo, nesi anapaka mlango wa kizazi kwa pamba, anasubiri dakika moja, palipoanza kuharibika panageuka peupe kama ukoko wa wali, na pakiwa padogo panachomwa na kifaa cha joto siku hiyo hiyo, mama anarudi nyumbani kupika. Dunia imejiwekea lengo kwamba kufikia 2030 wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa wakifika miaka 35 na tena wakifika 45. Sisi kwetu mama anapimwa siku ya maadhimisho, fulana zikigawiwa. Fulana zikiisha anarudi kwenye ratiba ya kawaida, ambayo ni nesi mmoja, Jumanne na Alhamisi, akiwa hajaenda semina.

Ombi langu ni dogo mpaka naona aibu. Fomalini iingie kwenye orodha ya vitu ambavyo hospitali ya wilaya haruhusiwi mtu kulala ikiwa imeisha. Vinyama visafirishwe na serikali, makohozi ya TB tunayasafirisha, mnajua njia. Mgonjwa wa mionzi apewe nauli na kitanda, hata bweni la kawaida la mabati na vyandarua, mbuzi zake abaki nazo. Morfini ishuke mpaka wilayani na funguo ziwe za watu wawili watatu wanaopokezana. Chembe ya kobalti na mkataba wa fundi viandikwe kwenye bajeti siku ile ile mashine inanunuliwa, kabla ya maputo. Na kama hamna namna lazima utepe uwepo, mimi niko tayari, njooni mzindue dumu la fomalini, ngoma nitalipia mwenyewe, mkasi tunayo mingi.

Imeshafika saa saba. Kesho namba moja kwenye foleni ni yule mama wa chupa ya siagi, kemo ya nne, ile dawa nyekundu inayofanya mkojo uwe kama juisi ya rosela, mara ya kwanza ilimtoa mbio chooni akijua anakufa, sasa hivi anawatania wageni wa wodi. Lile titi limeanza kukauka. Kanga anajifunga moja.

Wenu mtiifu,
Daktari wa kansa, mikoani

NB: Siki ya kliniki iliisha Jumanne. Leo jioni nimepita kwa mangi nikachukua chupa sita kwa hela yangu, mangi akaniangalia, akaangalia chupa, akasema dokta kwenu kila wiki mna shughuli, mbona hunialikagi?